Kijiji cha watu elfu moja na ushee huko India: basi haliji kwa sababu watu ni wachache, au watu wanaondoka kwa sababu basi haliji?

#1 Kibuyu wa Kondoa
Wakuu salaam. Nilisoma Pune miaka minne. Rafiki yangu wa darasani kwao ni kijijini, wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra. Juzi nikakitafuta kijiji chao kwenye madaftari ya sensa ya India. Kila kijiji kina mstari wake: watu wangapi, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, wanaojua kusoma, kisha zinafuata huduma. Huduma ikiwa haipo kijijini wanaweka herufi: a ni chini ya kilomita 5, b ni 5 hadi 10, c ni zaidi ya 10.

Kijiji chao kina watu elfu moja na ushee. Reli: c. Basi: a.

Hiyo a nimeitembea kwa miguu. Tulienda kwao kwa Diwali. Basi la serikali, wao wanaliita ST, lilitushusha mahali panaitwa phata, yaani pale njia ya kijiji inapochepuka kutoka barabara kuu. Kuna kibanda cha chai cha bati, kalavati ambalo watu wanalikalia, na pikipiki tatu zimeegeshwa chini ya mwarobaini. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha. Udongo wa kule ni mweusi kama wa mbugani, unanata kwenye ndala mpaka kila mguu unakuwa mzito kama tofali. Mama yake rafiki yangu alikuwa amekuja kutupokea; akajitwisha begi langu kichwani, nikamkatalia, akanicheka. Tulifika giza limeingia.

Swali langu kwa wanaoifahamu India: kijiji cha watu zaidi ya elfu kinakosaje basi? Niliyemuuliza kule ananiambia abiria ni wachache. Rafiki yangu anasema abiria ni wachache kwa kuwa wenye nguvu wameshaondoka, na wameondoka kwa kuwa hakuna basi. Kipi kilitangulia?

#2 BintiTanga
Mimi naona jibu liko wazi. Gari lolote, la serikali au la mtu binafsi, linafuata abiria. Watu elfu, toa watoto, toa wazee, toa walioko shambani, asubuhi wanabaki labda ishirini wa kwenda mjini. Nani atachoma dizeli kwa hao?

#3 Mhesabu
BintiTanga, elfu kwa India si kijiji kidogo. Sensa ya 2011 ilihesabu watu bilioni 1.21, na kati yao kama milioni 833 walikuwa vijijini. Vijiji vilivyoandikishwa ni kama 640,000, vyenye watu ndani ni kama 597,000. Gawanya: wastani ni kama watu 1,400 kwa kijiji. Kwa hiyo kijiji cha Kibuyu kiko chini kidogo ya wastani, basi.

Hivyo visivyo na watu, zaidi ya 40,000, viko kwenye ramani na vina mipaka na namba, ila hakuna anayelala huko. Kwenye madaftari ya ardhi ya sehemu za kaskazini vinaitwa be-chirag, maana yake "pasipo taa". Nilipolijua neno hilo mara ya kwanza lilinikaa siku nzima.

#4 Chuma cha Pua
Mbona India walishamaliza hili jambo. Serikali ilipitisha mpango wa kupeleka barabara na mabasi kwa kila kijiji cha watu 250 na kuendelea. Mleta uzi aangalie takwimu mpya za sensa ya 2021, atakuta kijiji hicho kina basi.

#5 Mhesabu
Mkuu Chuma, nikurekebishe mambo matatu.

Sensa ya 2021 haikufanyika. Iliahirishwa wakati wa korona. Ya mwisho ni hiyo ya 2011, na inayofuata siku yake ya kuhesabia imepangwa kuwa 1 Machi 2027, isipokuwa maeneo ya theluji ambayo ni Oktoba 2026.

Mpango unaousema ni Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza 25 Desemba 2000 wakati wa waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee. Kiwango cha watu 250 kilikuwa cha milimani, jangwani na maeneo ya makabila. Tambarare kilikuwa 500, tena walianza na makazi ya watu 1,000 na kuendelea.

La tatu ndilo kubwa: mpango ule ni wa barabara. Mabasi haumo. Unaweka lami ya kupitika mwaka mzima, nani apite juu yake ni shauri lingine.

#6 Chuma cha Pua
Nimepokea masahihisho. Shukrani.

#7 Mzee wa Reli
Niongezee kwenye hiyo c ya reli. Beed ni wilaya ya watu zaidi ya milioni 2.5, lakini makao yake makuu yalikaa bila treni miaka yote. Njia ya kutoka Ahmednagar kupitia Beed hadi Parli, kilomita 261, iliidhinishwa miaka ya 1990. Treni ilifika Ashti mwaka 2022. Beed mjini imefika Septemba 2025. Mtoto aliyezaliwa njia ilipoidhinishwa sasa naye ana watoto.

Halafu vijana mjue, reli yetu ya zamani ya Mombasa ina damu ya kule. Ile ya upana wa mita moja ilifuata kipimo kilichokuwa kikitumika India, na vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga kuanzia 1896. Wao wenyewe tangu 1992 wameng'oa njia nyingi za mita na kuweka njia pana ya milimita 1,676.

#8 BintiTanga
Mzee wa Reli ukitajiwa kichwa cha treni unasahau chakula. Shikamoo. Turudi kwenye basi.

#9 Mama Pili
Mimi nilikaa India miezi miwili na mwanangu hospitalini. Kitanda cha jirani alikuwepo mama wa kijijini na binti yake. Hatukuwa na lugha moja, muuguzi ndiye alikuwa anatufasiria. Nikamuuliza amefikaje. Alihesabu kwa vidole: pikipiki ya shemeji yake hadi barabarani, jipu (gari aina ya jeep) la abiria hadi mji mdogo, basi hadi mji mkubwa, treni usiku kucha. Alipofika kidole cha kwanza, cha pikipiki, ndipo alikaa muda mrefu, kwa sababu shemeji hakuwepo siku ya kwanza na walingoja hadi kesho yake. Treni ya usiku kucha aliipita haraka tu. Kilomita nne za mwanzo ndizo zilizokula siku nzima.

#10 Kibuyu wa Kondoa
Mama Pili, umegusa penyewe. Mtoto anaendeleaje?

BintiTanga na Mhesabu, kuna kitu sikukieleza vizuri. Hao elfu na ushee hawakai pamoja. Kijiji cha sensa ni eneo la ardhi lenye mpaka. Ndani yake kuna kijiji chenyewe, penye hekalu, shule na mti mkubwa, halafu kuna vitongoji vya mashambani wanaviita vasti, familia nne hapa, sita kule, kila mtu karibu na kisima chake. Na kilomita mbili upande wa pili kuna tanda, makazi ya Wabanjara, ambao zamani walikuwa wasafirishaji wa nafaka na chumvi kwa misafara ya ng'ombe. Kwenye daftari wote ni mstari mmoja. Yule wa tanda akisoma "basi: chini ya kilomita 5" atashangaa, maana kwake ni kama sita.

#11 Mhesabu
Hapo sasa umenifungua. Na mpango wa barabara ulihesabu makazi, siyo kijiji kizima. Ikiwa kijiji chenyewe kina 600 na kimefikiwa, tanda lenye watu 300 linabaki chini ya kiwango cha 500 kama eneo halikuandikwa kuwa la makabila.

#12 Kachi wa Mombasa
Hamjambo. Mimi wazazi wa babu zangu walitoka Kachchh, Gujarat, na nina jamaa vijijini karibu na Bhuj. Hoja ya kwamba kutokuwa na usafiri ndiko kunafukuza watu siikubali moja kwa moja. Kachchh ni wilaya kubwa kuliko zote Gujarat, kilomita za mraba 45,674, na sensa ya 2011 ilikuta watu 46 tu kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa India ulikuwa 382. Ni nchi ya ukame. Watu waliondoka kabla basi halijabuniwa, kwa majahazi kutoka Mandvi hadi Unguja na Mombasa.

Leo vijiji kama Madhapar na Baladia vina barabara nzuri, mabenki yamejipanga, majumba ya ghorofa. Hela za Nairobi, London na Ghuba zimejenga. Na nyumba nyingi zina kufuli. Nilipokwenda nilikaa kwenye baraza ya mjomba, jioni nikahesabu nyumba tano mfululizo zimefungwa. Mzee mmoja akanisalimu "habari gani" kwa Kiswahili safi, aliishi Nairobi miaka mingi. Usafiri wanao kila aina, na watu bado hawapo.

#13 Nyamwezi Halisi
Kachi, huo ni mfano wa wenye nacho. Mtu wa jahazi na duka Nairobi si sawa na yule wa kwa Kibuyu. Pia umesahau tetemeko la 26 Januari 2001. Wengi walijenga upya baada ya hapo, ndiyo maana barabara na nyumba ni mpya.

#14 Kachi wa Mombasa
Kweli, tetemeko lilibadilisha mengi, Bhuj mjini na vijiji vya jirani vilianguka. Lakini uhamaji ni wa zamani kuliko hapo. Hilo nasimama nalo.

#15 Kibuyu wa Kondoa
Wacha niwaeleze kuhusu kuondoka kwa watu wa Beed, maana ni tofauti na kwa kina Kachi.

Beed ni wilaya ya wakata miwa. Baada ya sikukuu za Dasara na Diwali watu wanaondoka kwa makundi kwenda mashamba ya viwanda vya sukari magharibi mwa jimbo, Kolhapur, Sangli, Satara, wengine hadi Karnataka. Wanarudi Machi au Aprili. Mume na mke wanaandikishwa pamoja kama koyta moja, na koyta ni ule mundu wa kukatia miwa. Watu wawili, chombo kimoja, hesabu moja. Kabla ya msimu wanapewa pesa ya awali, inaitwa uchal, na msimu mzima wanaikata kwa jasho. Anayewakusanya anaitwa mukadam.

Siku ya nne baada ya Diwali niliamshwa alfajiri na muungurumo. Malori mawili na trekta lenye matela yalikuwa yamesimama mbele ya hekalu. Watu walikuwa wanapakia masufuria, magunia ya unga wa mtama, mabati ya kuezekea kibanda, mbuzi, kuku kwenye kapu, watoto waliofungwa shuka kichwani kwa baridi. Bibi mmoja alibaki amekaa kizingitini na wajukuu wawili. Jua lilipochomoza kijiji kilikuwa kimya.

Nikamuuliza rafiki yangu: hii si ndiyo njia ileile tuliyoambiwa gari haliwezi kupita wakati wa mvua? Akasema ndiyo. Lori la kiwanda linafika hadi mlangoni. Linafika hadi tanda. Basi ndilo haliwezi.

#16 BintiTanga
Kibuyu, hili la lori nimelisoma mara mbili. Narudisha nusu ya maneno yangu ya #2. Abiria wapo kumbe.

#17 Mzee wa Reli
Mukadam! Kwenye mashamba ya karafuu Unguja zamani kulikuwa na msimamizi, nokoa, halafu kadamu. Neno moja hilo, la Kiarabu, limeenda pande zote mbili za bahari na kazi ileile.

#18 Nyamwezi Halisi
Na wao wanasema rasta kwa barabara, sivyo? Wazee wa Mombasa husema barasta.

#19 Kachi wa Mombasa
Ndivyo. Shirika la ST la Maharashtra lina hata msemo wake: "gaav tithe rasta, rasta tithe ST". Penye kijiji pana barabara, penye barabara pana ST. Basi lao la kwanza lilitoka Pune kwenda Ahmednagar tarehe 1 Juni 1948.

#20 Mhesabu
Jamani, mmeona tarehe? Sensa ya 2011 makarani walipita kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari. Wakata miwa wanarudi Machi, Aprili. Utaratibu wa India ni kumhesabu mtu pale alipo ndani ya siku hizo. Kwa hiyo hiyo elfu na ushee ya Kibuyu ni kijiji kilichohesabiwa nusu ya watu wakiwa Kolhapur! Nyumba yenye kufuli mwezi Februari inakuwa na watu saba mwezi Juni.

Na wenye kugawa barabara kwa idadi ya watu walitumia hesabu za sensa. Msimu huo wa Februari.

#21 Chuma cha Pua
Mhesabu, "nusu" umeitoa wapi? Kibuyu hakusema nusu.

#22 Mhesabu
Umenishika. Futa "nusu", weka "wengi". Kibuyu atuambie alivyoona.

#23 Kibuyu wa Kondoa
Sikuhesabu, mkuu. Nilichoona ni kwamba darasa la mwalimu mmoja wa pale, rafiki wa huyo rafiki yangu, lilibaki na madawati matupu, na duka lilifungwa saa sita mchana kwa kukosa wateja.

#24 Mwalimu wa Zamu
Naomba tuwaangalie wasichana. Bihar mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wa darasa la 9 pesa ya kununua baiskeli, rupia 2,000. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipima, wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana lilipungua kwa asilimia 40. Waliofaidika zaidi ni wa vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shule. Idadi ya watu haikubadilika, basi halikuja. Baiskeli tu. Binti akipanda na wenzake kumi barabarani, mzazi haogopi.

Kwa hiyo swali la Kibuyu lina mlango wa tatu: si lazima basi.

#25 Mama Pili
Mwalimu, baiskeli itambeba mgonjwa? Itambeba mjamzito? (Mtoto hajambo, Kibuyu, yuko darasa la tano sasa.)

#26 Mwalimu wa Zamu
Haitambeba, mama. Nakubali.

#27 Mchumi Kijana
Nimechelewa, nimesoma yote. Kuna utafiti wa Sam Asher na Paul Novosad uliochapishwa 2020, uliutumia mpango huohuo aliousema Mhesabu. Walilinganisha vijiji vilivyo juu kidogo na chini kidogo ya viwango vya watu 500 na 1,000, maana wa 510 na wa 490 wanafanana kwa kila kitu isipokuwa barabara. Matokeo: barabara ikifika, watu wanatoka kwenye kilimo na kwenda kazi nyingine. Lakini kipato na mali za kijiji hazikubadilika sana, wala kilimo chenyewe. Yaani barabara kazi yake kubwa ilikuwa kuwatoa watu kwenye shamba asubuhi.

Kwa hiyo anayesema "leta usafiri, watu watabaki" na anayesema "leta usafiri, kijiji kitatajirika" wote wapunguze sauti.

#28 Nyamwezi Halisi
Kutoka shambani asubuhi na kurudi jioni kulala kwako siyo kuhama. Yule wa lori anaondoka miezi mitano. Huoni tofauti?

#29 Mchumi Kijana
Naiona. Utafiti haukuwa juu ya wakata miwa.

#30 Fundi Magurudumu
Nimefanya kazi na Wahindi wengi wa Maharashtra hapa Muscat. Wanasema sababu iko kwenye majipu. Yale ya abiria, wengine wanayaita kali-pivli kwa rangi nyeusi na njano, sehemu nyingine vadap. Yanasubiri pale phata hadi yajae, watu kumi na tano kwenye gari la tisa, vijana wananing'inia nyuma. Wenye majipu ni watu wenye sauti kijijini. Basi likianza kuingia, yanapita dakika kumi mbele yake na kukomba abiria wote. Baada ya miezi sita meneja wa stendi anaandika "njia haina abiria", basi linaondolewa. Kisha nauli ya jipu inapanda.

#31 BintiTanga
Hii ya kukomba abiria mbele ya basi tunaijua hata bila kwenda India.

#32 Kachi wa Mombasa
Fundi, majipu yalitangulia au yalikuja baada ya ST kudhoofika? Wafanyakazi wa ST waligoma kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi Aprili 2022. Miezi yote hiyo kijijini kulikuwa na majipu tu. Abiria akishazoea harudi kirahisi. Japo tangu Machi 2023 wanawake wanalipa nusu nauli kwenye ST, na waliofika miaka 75 wanapanda bure tangu Agosti 2022, basi limepata watu wake tena. Nusu nauli lakini inaanzia phata. Haikufuati nyumbani.

#33 Kibuyu wa Kondoa
Kuna aina moja ya basi sijaiona mtu kaitaja: mukkami. Basi linalofika kijijini usiku, dereva na kondakta wanalala hapohapo, wengine hekaluni, na alfajiri linaondoka na wanafunzi na maziwa. Rafiki yangu anasema kijiji chao kiliwahi kuwa nalo baba yake akiwa kijana. Wanakijiji walikuwa wanapokezana kuwapikia wale wawili. Liliondolewa, na sababu mpaka leo kila mtu ana yake: njia mbovu, choo hakuna, ugomvi wa nani awapikie, uchaguzi.

Na mnajua kiti kinavyoshikwa pale phata? Basi halijasimama, mtu anarusha leso kupitia dirishani. Leso ikitua kwenye kiti, kiti ni chako, hakuna atakayeisogeza. Mama yake rafiki yangu alirusha ya kwangu siku ninaondoka, akalenga dirisha la tatu, ikatua sawasawa. Kondakta akavuta kamba ya kengele mara mbili.

#34 Mzee wa Reli
Na hamjamtaja Dashrath Manjhi wa Gehlaur, Bihar? Mkewe aliumia akivuka mlima, akafa. Akachukua nyundo na tindo, miaka 22, 1960 hadi 1982, akapasua njia yenye urefu wa mita 110. Safari kati ya Atri na Wazirganj ikatoka kilomita 55 hadi 15. Mtu mmoja.

#35 Mama Pili
Namjua. Kila nikisoma habari zake nauliza hiyo miaka 22 wahusika walikuwa wapi.

#36 Chuma cha Pua
Kwa 2027 wametangaza mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa simu. Huenda wakata miwa wakajiandika kwao.

#37 Mhesabu
Kujiandika utajiandika, ila sheria ya mahali ni ileile, unahesabiwa ulipo. Sina hakika utaweza kujiweka Beed na wewe uko Sangli.

#38 Kibuyu wa Kondoa
Nimempigia rafiki yangu jana usiku, nikamsomea baadhi ya maoni yenu. La Fundi la majipu anasema ni kweli. La Mwalimu anasema dada yake aliacha shule darasa la 8 na angependa kuwa na hiyo baiskeli. La Mchumi alinyamaza kidogo, akasema barabara yao ilipata lami mwaka jana, kilomita zote nne, na siku ya kwanza iliyopita juu yake ni lori la miwa.

Mama yake kaondoka tena msimu huu. Ana miaka hamsini na kitu. Nikamuuliza sensa ya 2027 mama atahesabiwa wapi. Akasema itategemea mukadam atawapeleka kiwanda gani.